Kigogo Aliyeangushwa na Ripoti ya Mbunge wa Kyela

Wadau, kama 2006 ulikuwa bado unavaa kaptula ya shule, stori hii inakuhusu.

Mwaka ule ukame ulikuwa noma. Mto Ruaha Mkuu, unaokusanya maji ya Usangu kule Mbeya na kushuka kupitia Iringa, ulipungua sana. Bwawa la Mtera likakosa maji, nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme. Serikali ikakimbilia mitambo ya kukodi ya megawati 100, tenda ikaangukia kwa kampuni inaitwa Richmond. Mitambo ikachelewa, giza likabaki palepale, mkataba ukahamia Dowans.

Novemba 2007 Bunge likaunda kamati teule ya watu watano. Mwenyekiti? Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela, mtoto wa Mbeya kabisa. Februari 2008 ripoti ikasomwa Dodoma: Richmond haikuwa na uwezo wa kazi ile, na ofisi ya Waziri Mkuu ilihusika kuibeba. Tarehe 7 Februari Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu, akilalamika kwamba kamati haikumhoji. Mawaziri Karamagi na Msabaha nao nje. Rais Kikwete akavunja baraza zima.

Ungedhani ameisha, sio? Thubutu!

2015 CCM ilipokata jina lake, akahamia Chadema, chama kilekile kilichomtaja kwenye orodha ya mafisadi pale Mwembeyanga mwaka 2007. Dk. Slaa aliyeisoma orodha ile akasusa. Lakini vijana waliokuwa wanamwita fisadi wakampigia deki barabara! Akapata kura zaidi ya milioni 6, karibu asilimia 40. Sugu akabeba Mbeya Mjini, Mchungaji Msigwa akabeba Iringa Mjini, wote Chadema. Na Kyela? Mwakyembe akarudi bungeni kwa tiketi ya CCM.

China, Bo Xilai, bosi wa chama mji wa Chongqing, alianguka 2012, mwaka uliofuata akafungwa maisha. Wa kwetu alikana tuhuma zote na hakupandishwa kizimbani kwa Richmond. 2019 akarudi CCM, Februari 2024 akafariki.

Ndio maana vijiweni Soweto pale Mbeya au Miomboni Iringa ubishi hauishi. Kama alikosa, mahakama ingesema. Kama alionewa, ingemsafisha. Haikuulizwa, na hela ya mitambo ililipwa na Tanesco, yaani mimi na wewe tunaonunua luku.

Wewe uko upande gani?