Endokadaitisi kwa watoto na kinga ya antibiotiki

Endokadaitisi ni maambukizi ya utando wa ndani wa moyo, hasa kwenye vali. Jino linapong'olewa, bakteria wa kinywani huingia kwenye damu na kunasa penye vali mbovu au kiraka alichoshonewa mtoto. Hapo hujenga bonge dogo, ambalo kipande chake kikimeguka huweza kufika hadi ubongoni.

Mwongozo wa kwanza wa kinga ulitolewa na Chama cha Moyo cha Marekani mwaka 1955. Kwa nusu karne orodha ya wanaopewa dawa kabla ya matibabu ya meno ilikuwa ndefu, mpaka 2007 ilipofupishwa. Waliobaki ni wenye vali bandia, waliowahi kuugua endokadaitisi, watoto wenye kasoro kubwa za kuzaliwa nazo, kama zile za kubadilisha midomo kuwa ya bluu, na baadhi ya waliopandikizwa moyo. Mtoto hupewa amoksilini miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, isiyozidi gramu 2, nusu saa hadi saa moja kabla. Hoja ya kufupisha orodha ilikuwa nzito: kutafuna na kupiga mswaki kila siku huingiza bakteria kwenye damu mara nyingi kuliko jino moja kung'olewa.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2008 taasisi yake ya miongozo ya tiba, NICE, ilishauri kinga hiyo isitolewe kwa yeyote. Mwaka 2016 ikalegeza kauli.

Afrika Mashariki ina shida nyingine. Hapa vali za watoto wengi huharibiwa na homa ya rumatiki, inayofuata maambukizi ya koo, na vali hizo hazimo kwenye orodha ya 2007. Australia iliziacha kwenye orodha yake kwa ajili ya wenyeji wa asili, uamuzi wenye busara.

Kinga ya rumatiki ni sindano ya penisilini kila wiki nne. Katika utafiti wa watoto 818 kaskazini mwa Uganda, uliochapishwa 2021, ugonjwa wa vali ulizidi kwa asilimia 0.8 tu ya waliodungwa, dhidi ya 8.2 ya wasiodungwa. Sindano hiyo haichukui nafasi ya dozi ya meno. Anayedungwa, kama anastahili kinga ya meno, hupewa dawa ya kundi jingine, mathalani azithromisini, kwa kuwa huenda bakteria wa kinywani mwake wameshaizoea penisilini.