Njia Mbili za Mwimbaji Mmoja

Wahenga walisema kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Bila shaka, msomaji, umekwisha kuisikia methali hii mara nyingi, na pengine umeambiwa wewe mwenyewe siku uliyotaka kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Fisi alinusa nyama katika njia panda. Harufu nyingine ilitoka kulia na nyingine kushoto. Tamaa ilimfanya atie mguu huku na mguu kule, akapasuka msamba. Katika insha hii nakuomba tuichukue methali hiyo tuipime katika mizani ya historia. Tutatazama maisha ya mwimbaji mmoja aliyezaliwa Unguja, akapata sifa duniani kwa nyimbo za umma, kisha akavuka kwenda kuimba pamoja na bibi wa opera. Mwishoni wewe utakuwa hakimu. Je, njia mbili zilimshinda?

Yafaa kwanza tuzijue njia zenyewe. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa. Ilianza nchini Italia karibu na mwaka wa 1600. Katika mwaka wa 1607 Claudio Monteverdi alionyesha opera yake iitwayo L'Orfeo katika mji wa Mantua, mbele ya wakuu waliokusanyika katika jumba la mtawala. Wakati ule burudani hiyo ilikuwa ya mabwana tu. Lakini mwaka wa 1637 mlango wa nyumba ya kwanza ya opera ya watu wote ulifunguliwa mjini Venice, na yeyote aliyeweza kununua tiketi aliingia. Basi kumbuka jambo hili, kwa maana tutalihitaji mbele: hata opera, ambayo leo huitwa muziki wa wateule, ilipata nguvu yake ilipotoka katika jumba la mtawala ikaenda sokoni.

Mwimbaji wa opera hufundishwa kwa miaka mingi. Huimba bila kipaza sauti, na sauti yake peke yake yapasa ipite juu ya vinanda, zeze na tarumbeta za okestra nzima, ifike kwa mtu aliyeketi kiti cha nyuma kabisa. Kwa hiyo huifundisha pumzi yake kama mkimbiaji afundishavyo miguu. Mwimbaji wa nyimbo za umma, kama zile za roki, ana kipaza sauti mkononi. Aweza kunong'ona akasikiwa na watu elfu. Aweza kupiga kelele, kucheka au kulia katika wimbo mmoja. Mmoja hutafuta ukamilifu wa sauti, mwingine hutafuta moyo wa msikilizaji mara moja. Hizo ndizo njia mbili.

Usidhani kwamba mgawanyiko wa namna hii ni wa Ulaya tu. Unguja nako kulikuwa na muziki wa jumba la mfalme. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka wa 1870 hata 1888, alipenda muziki wa Misri, na taarabu ya kwanza kisiwani ilipigwa kwa ajili ya jumba lake, ikaimbwa kwa Kiarabu. Kisha akaja Siti binti Saad, mwanamke wa shamba, mzaliwa wa Fumba, ambaye hapo kwanza alikuwa akiuza vyungu. Aliichukua taarabu akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka wa 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Sauti yake ikasikika katika nyumba za maskini na za matajiri, Unguja na bara. Siti alifariki mwaka wa 1950. Mwaka huo kulikuwa na mtoto mmoja mjini Unguja, ambaye hajatimiza miaka minne, jina lake Farrokh Bulsara.

Farrokh alizaliwa tarehe 5 Septemba, 1946. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi waliotoka India, wafuasi wa dini ya kale ya Zoroaster. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika serikali ya Kiingereza. Alipokuwa na umri wa miaka minane hivi, mtoto alipelekwa kusoma India, katika shule ya bweni ya St. Peter's huko Panchgani. Huko alifundishwa piano akafaulu mtihani wa daraja la nne, na pamoja na wenzake wa shule akaunda bendi ndogo iliyopiga nyimbo zilizovuma siku zile. Tazama basi: mkono ule ule uliojifunza kusoma noti za walimu ulipiga pia nyimbo za radio. Huko huko wenzake walianza kumwita Freddie.

Alirudi Unguja mwaka wa 1963. Tarehe 12 Januari, 1964, yalitokea Mapinduzi, na mwaka ule ule jamaa yote ya Bulsara ilihamia Uingereza, ikakaa Feltham, karibu na London. Kijana alisoma sanaa ya uchoraji katika chuo cha Ealing akapata stashahada mwaka wa 1969. Mwaka wa 1970 aliungana na Brian May na Roger Taylor, na mwaka uliofuata John Deacon akaingia. Bendi hiyo ikaitwa Queen, yaani Malkia, na Farrokh akajiita Freddie Mercury.

Sasa sikiliza jinsi njia ya pili ilivyoanza kuonekana ndani ya ile ya kwanza. Mwaka wa 1975 Queen walitoa santuri waliyoiita A Night at the Opera, jina walilolichukua kutoka katika filamu ya kuchekesha ya mwaka wa 1935. Ndani yake mna wimbo wa Bohemian Rhapsody, uliotungwa na Mercury. Wimbo huo una urefu wa dakika 5 na sekunde 55, wakati nyimbo nyingi za radio zilikuwa za dakika tatu tu. Wakuu wa biashara ya santuri waliona ni mrefu kupita kiasi. Katikati yake roki hukoma, na mara husikika kama kwaya ya opera, yenye majina ya Kiitaliano na hata neno Bismillahi, ambalo mtoto wa Unguja hulisikia kila siku. Kwaya hiyo haikuwa ya watu mia. Walikuwa watatu tu, Mercury, May na Taylor, nao waliimba na kurekodi sauti zao tena na tena, sauti juu ya sauti, mpaka zikawa jeshi. Wimbo huo ulikaa wa kwanza katika Uingereza kwa majuma tisa. Wakati huo opera ilikuwa kwake kama vazi la sherehe: alilivaa kwa furaha, tena kwa mzaha kidogo, kisha akalivua.

Lakini mzaha haukudumu kuwa mzaha. Mwaka wa 1979 alipanda jukwaani mjini London pamoja na wachezaji wa Royal Ballet. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikwenda katika nyumba ya opera ya Covent Garden kumsikiliza Luciano Pavarotti, mwanamume mwenye sifa kuu. Alikwenda kwa ajili ya Pavarotti, akarudi anamtaja Montserrat Caballé.

Bibi huyu alizaliwa Barcelona, nchini Hispania, mwaka wa 1933. Utoto wake ulikuwa wa dhiki, maana nchi yake ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na taabu zilizofuata. Alisoma katika chuo cha muziki cha Liceu, akaanza kuimba katika nyumba ndogo za opera za Ulaya. Mwaka wa 1965 aliitwa New York kushika nafasi ya mwimbaji mwingine katika opera ya Lucrezia Borgia. Aliingia ukumbini watu wengi wakiwa hawamjui, akatoka akiwa mashuhuri. Sifa yake kubwa ilikuwa pumzi: aliweza kuishusha sauti mpaka ikawa nyembamba kama uzi wa hariri, na uzi huo usikatike.

Mwaka wa 1986 Mercury alisema katika televisheni ya Hispania kwamba bibi huyo ndiye mwimbaji ampendaye kuliko wote. Habari zilimfikia mwenyewe. Machi 1987 walikutana katika hoteli moja mjini Barcelona. Mercury, ambaye miaka miwili kabla ya hapo aliwatawala watu zaidi ya elfu sabini katika uwanja wa Wembley bila hofu, alikwenda kwa woga kama mwanafunzi aendaye mbele ya mtahini. Alimpelekea wimbo alioutunga pamoja na mpiga piano Mike Moran, ambao ndani yake yeye mwenyewe aliigiza sauti ya juu ya kike kumwonyesha afikiriavyo. Bibi aliupenda. Siku chache baadaye aliuimba katika Covent Garden, mbele ya wasikilizaji wa opera. Naye akaomba wimbo kwa ajili ya mji wake, maana Barcelona ulikuwa umekwisha kuchaguliwa kuandaa Michezo ya Olimpiki ya mwaka wa 1992.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa wimbo wa Barcelona, uliotoka mwaka wa 1987, na santuri nzima yenye jina hilo ikafuata Oktoba 1988. Katika mwezi ule ule walisimama pamoja katika tamasha mjini Barcelona, mbele ya Mfalme Juan Carlos na Malkia Sofia. Midomo yao siku hiyo ilifuatisha sauti zilizokwisha kurekodiwa. Ilikuwa mara ya mwisho kwa Mercury kushiriki katika onyesho kubwa kama lile.

Hapa, msomaji, lazima nikueleze jambo ambalo umati ule haukulijua. Katika mwaka wa 1987 Mercury aliambiwa na waganga kwamba ana UKIMWI. Siku zile hapakuwa na dawa ziwezazo kuuzuia ugonjwa huo kama zilizopo leo. Kwa hiyo kazi ile ya opera haikuwa mchezo wa tajiri aliyechoka na raha. Ilikuwa kazi ya mtu aliyejua kwamba saa zake zimehesabiwa. Angeweza kukaa akirudia nyimbo zilizompa mali. Yeye alichagua kujifunza jambo jipya, mbele ya mwalimu aliyemzidi, akiwa na umri wa miaka arobaini. Alifariki tarehe 24 Novemba, 1991, siku moja baada ya kuutangazia ulimwengu ugonjwa wake, naye alikuwa na miaka 45. Olimpiki zilipofika mwaka wa 1992, wimbo wake ulikuwapo, mwenyewe hayupo. Mwaka wa 1999, katika fainali ya kombe la vilabu vya Ulaya mjini Barcelona, Caballé aliuimba uwanjani, na sauti ya Mercury ikamwitikia kutoka katika kanda. Bibi naye alifariki mwaka wa 2018.

Sasa tuhukumu, tena kwa haki. Mpinzani aweza kusema: Mercury hakuwa mwimbaji wa opera. Ni kweli. Hakupata kuimba opera nzima jukwaani, wala hakudai kwamba angeweza. Mpinzani aweza kuongeza kwamba vyombo vingi vya santuri ile vilikuwa vya umeme, si okestra. Nayo ni kweli, hata mwaka wa 2012 santuri ilitengenezwa upya ikawekewa okestra kamili. Lakini tazama walichofanya wawili hawa. Caballé hakujaribu kunguruma kama mwimbaji wa roki, wala Mercury hakujitia kuwa Pavarotti. Kila mmoja alibaki na sauti yake, aliyoilea kwa miaka mingi, na wimbo ukajengwa ili sauti zote mbili zipate mahali. Fisi alishindwa kwa sababu alitaka nyama mbili kwa tumbo moja. Mercury alitaka wimbo mmoja, na katika kuutafuta akapita njia mbili. Methali haikukosea, ilikuwa ikimzungumza mwingine.

Wewe usomaye haya huko Gesima, katika vilima vya Nyamira palipo na mashamba ya majani chai, usidhani kwamba mambo haya ni ya mbali. Katika mashindano ya muziki ya shule zetu, kwaya moja huimba wimbo wa Kizungu ulioandikwa kwa noti, na kisha hiyo hiyo, au ya darasa jirani, huimba wimbo wa wazee. Wako wanafunzi wanaoona haya kwa wimbo wa nyumbani, wakidhani ni wa ushamba. Na wako wanaoucheka ule wa noti, wakidhani ni wa kujidai. Wote wawili wanajipunguzia urithi. Obokano ya Abagusii, yenye nyuzi nane na mlio mzito, yahitaji mkono uliofundishwa, sawasawa na piano. Na mpigaji wake hafanywi bora kwa kuidharau piano, wala mpiga piano kwa kuidharau obokano.

Lakini usisahau masharti ya safari hiyo. Siti aliijua taarabu kabla hajaigeuza. Mercury aliimba miaka kumi na saba na bendi yake kabla ya kubisha hodi kwa Caballé, na alipobisha alibisha kwa adabu, mkononi akiwa na kazi aliyoiandaa. Basi atakapokuja mwalimu wa kwaya na karatasi ya noti usizozizoea, ichukue ujifunze. Na jioni ukimkuta mzee anakaza nyuzi za obokano, keti karibu naye usikilize mpaka atakapomaliza, kisha umwombe akuonyeshe uzi wa kwanza.