Fundi Konde na Asili ya Muziki wa Dansi Pwani

Asili ya muziki wa dansi nchini Kenya, yaani muziki wa mjini unaopigwa kwa gitaa na vyombo vya kupuliza kama klarineti na saksafoni, kwa kawaida hutajwa kuwa Nairobi, kwa sababu huko ndiko zilikokuwa studio, ilhali mmoja wa waasisi wake wakuu, Fundi Konde, alikuwa Mgiriama aliyezaliwa eneo la Malindi mwaka 1924.

Vyombo vya bendi havikuwa vigeni Pwani. Tangu miaka ya 1890 ilikuwapo beni, ngoma ya mashindano iliyoiga paredi za kijeshi, na makundi ya Mombasa, kama Kingi na Skochi, yalishindana kwa mavazi na sauti za tarumbeta. Hata hivyo, kilichomkuza Konde kama mwanamuziki ni jeshi lenyewe: katika Vita vya Pili vya Dunia aliingia katika kikosi cha burudani cha King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akawatumbuiza askari waliopelekwa hadi Burma. Baada ya vita, Peter Colmore, mwandaaji wa burudani, aliwakusanya baadhi ya wanamuziki hao katika bendi ya dansi, naye Konde akajulikana kama mmoja wa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme.

Rumba ya Cuba, iliyofika Afrika kwa santuri tangu miaka ya 1930, ndiyo iliyompa mwendo, lakini maneno na mahadhi aliyatoa kwao. Upande mmoja wa santuri za wakati huo, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, ulibeba takriban dakika tatu tu, kwa hiyo mtunzi alilazimika kusema jambo lake upesi. Katika “Tausi” na “Majengo Siendi Tena” Konde alilimudu sharti hilo kwa ustadi ambao wachache wa rika lake waliufikia. Sauti yake ilitumika pia kibiashara, kwani “Jambo Sigara” ulikuwa wimbo wa kutangaza sigara.

Wapo waasisi walioipa mitindo yao majina: huko Haiti, mpiga saksafoni Nemours Jean-Baptiste, naye kiongozi wa bendi, alianzisha mwaka 1955 mtindo wa kompa, unaochezwa hadi leo kwa jina hilohilo. Konde, kinyume chake, hakuuachia mtindo wake jina, na hilo limemgharimu, kwa maana nyimbo zake ziliimbwa na vizazi vilivyofuata bila wengi kumjua mtunzi. Them Mushrooms, bendi ya Pwani iliyoundwa mwaka 1972, ndiyo iliyomrudisha jukwaani uzeeni mwake kwa kuzirekodi upya nyimbo zake pamoja naye. Mkusanyiko wa rekodi zake za 1947 hadi 1956 ulitolewa Uingereza mwaka 1994, miaka sita kabla ya kifo chake. Santuri zilizosalia majumbani mwa watu wa Malindi na Kilifi zinastahili kutafutwa na kuhifadhiwa hapahapa Pwani, kabla hazijavunjika.