VQ3 Mpaka 5H: Jina la Nchi Kwenye Chipu Inayoogopa Jua

Raskazone wengi wanaijua kwa kuogelea na picha za machweo. Wapenda historia watakutajia Novemba 1914, Waingereza waliposhusha jeshi lao hapo Tanga wakachapwa na Wajerumani na askari wao wa Kiafrika. Ila ipo stori nyingine inayoihusu pwani hii, nayo inaingia kwenye kitu kidogo kuliko kidole.

Chukulia uko Raskazone na redio ya mkononi ya VHF. Mawimbi yake yanakwenda kama mwanga, mlima ukikaa mbele ndo basi. Dawa ya watu wa redio ya ridhaa, wale wanaorusha mawasiliano kwa mapenzi tu bila malipo, ni ripita: mtambo unaowekwa juu, tuseme kwenye milima ya Usambara, unadaka sauti dhaifu na kuirusha upya kwa nguvu. Shida ni kwamba huko juu hakai mtu, na kituo lazima kijitaje. Marekani, kwa mfano, hakiruhusiwi kupitisha dakika 10 za kazi bila kutaja jina.

Na jina lenyewe lina siasa. Enzi za mkoloni vituo vya Tanganyika vilianza na VQ3, vya Zanzibar VQ1. Baada ya Uhuru ikaja 5H. Kilichochekesha ni Muungano wa 1964: ARRL, chama cha Marekani chenye orodha ya "nchi" za watu wa redio, kiliendelea kuihesabu Zanzibar peke yake mpaka Mei 31, 1974. Miaka kumi nzima!

Sasa sikiliza kwa Morse. V ni nukta tatu na mstari. Q ni mistari miwili, nukta, mstari. 5H je? Nukta tano, halafu nne. Nukta tupu, kama cherehani.

Zamani jina liligongwa kwa mkono. Ripita zilipokuja, wengine walikata meno kwenye gurudumu linalozungushwa na mota, wengine wakachomelea dayodi moja moja. Ukibadilishiwa jina, unaanza upya na solda yako.

Mwaka 1971 mhandisi mmoja wa Intel akaja na EPROM, chipu isiyosahau umeme ukikatika, lakini unayoweza kuifuta na kuiandika tena. Hapo jina likawa hesabu: nukta ni 1, mstari 111, ukimya 0, kati ya herufi 000. Namba 5 inakuwa 101010101, H inakuwa 1010101. Ukipiga hesabu, VQ inakula nafasi 25, 5H inakula 19. Yaani Uhuru uliokoa biti sita! Chipu maarufu ya 2716 ilikuwa na miguu 24 na nafasi ya baiti 2,048. Uliipa volti 25, milisekunde 50 kwa kila baiti, na ndani ya dakika mbili imejaa.

Udhaifu wake uko mgongoni, kwenye kidirisha cha kioo. Kuifuta unaimulika humo kwa taa ya urujuanimno kama dakika 20. Lakini jua nalo lina miale hiyo hiyo. Watengenezaji wenyewe walionya: jua la moja kwa moja, kama wiki moja, taa za tyubu za ofisini, kama miaka mitatu. Ndiyo maana mafundi walibandika stika juu ya kidirisha, mara nyingi na jina la kituo limeandikwa kwa kalamu.

Kwa hiyo ukikuta chipu ya hivyo kwenye boksi la mzee wa redio, usiibandue stika kwa udadisi halafu ukaiacha barazani, na jua la Tanga unalijua. EPROM iliyofutika haibaki kimya. Biti zote zinarudi kuwa 1, na mtambo ukiisoma unatoa mlio mmoja mrefu, hauna herufi hata moja.