Maji, Mkaa na Jino Lililozibwa

Historia ya kuziba meno huku kwetu Newala na Masasi inaanzia kwenye maji. Juu ya uwanda wa Makonde ardhi ni ya kichanga. Mvua ikinyesha inazama, maji yakaibuke huko chini mabondeni. Karl Weule, Mjerumani wa jumba la makumbusho la Leipzig, alipita Masasi na kupanda hadi Newala mwaka 1906, na jambo mojawapo lililomshangaza ni watu kujenga makazi mbali hivyo na maji. Bibi zetu waliyashukia bondeni, wakapanda nayo kichwani. Maji yaliyopatikana kwa jasho lile yalikuwa ya kunywa na kupikia. Kinywa kilipewa funda moja, basi.

Ndiyo maana usafi wa meno wa wazee wetu haukutegemea maji. Mtu alikata kijiti, akakitafuna ncha mpaka nyuzi zikachanua, akapiga mswaki huku anatembea kwenda shamba. Wengine walipenda mzizi wa mdaa, unaoacha rangi ya hudhurungi mdomoni. Nyuzi za kijiti ni laini kuliko jino, na peke yake hazilidhuru sana. Kinachokwangua ni kile kinachoongezwa: majivu, mkaa uliosagwa, na mchanga unaoingia humo bila mtu kuuona. Punje za mchanga kwa sehemu kubwa ni kwatsi, jiwe ambalo kwenye kipimo cha ugumu cha wanajiolojia hupewa 7. Tabaka la nje la jino, gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, hufika 5 hivi.

Na kabla ya mganga yeyote wa meno kufika, meno ya uwandani yalikwisha kupita mikononi mwa watu. Vijana walichongwa meno ya mbele, wanawake wakatogwa mdomo wa juu wakavaa ndonya, kigogo cha kupamba mdomo. Nilipoanza utabibu wa meno miaka ya 1980, mabibi wenye tundu la ndonya bado walikuwa wakija. Mmoja alikuja kwa ajili ya gego. Nilipouinua mdomo wake wa juu niliona meno mawili ya mbele yamelika upande wa nje, pale ambapo kigogo cha mpingo kiligusa kila alipokula, aliposema na alipocheka, miaka nenda miaka rudi. Ufizi ulikuwa umepanda juu na shina la jino liko wazi. Uso wa jino ulikuwa laini kabisa. Kucha yangu iliteleza. Sijawahi kusahau jino lile, kwa sababu lilinifundisha kwamba kitu kinachosugua polepole kwa miaka hamsini kina nguvu kuliko patasi ya siku moja.

Wamisheni wa Kianglikana wa UMCA walianza Masasi mwaka 1876, Askofu Edward Steere akiongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja. Watawa Wabenediktini wakaanza Ndanda mwaka 1906. Mwaka 1935 akaja Leader Stirling, daktari Mwingereza aliyejenga hospitali Lulindi, na baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Hospitali zikaongezeka, lakini jino liliendelea kutibiwa kwa koleo. Kuziba kulihitaji mashine ya kuchimba, na mashine kwa kawaida ilihitaji umeme. Asiyekuwa na nauli ya kwenda mbali alivumilia, au alidondoshea mafuta ya ganda la korosho kwenye tundu. Mafuta yale yanaunguza. Nimeona fizi na mashavu yaliyobabuka kwa dawa hiyo.

Miaka ya 1980 ndiyo iliyobadilisha mambo, na ilibadilisha mawili kwa pamoja. La kwanza ni uhaba. Sukari, sabuni, khanga, vyote vilipanga watu foleni, na dawa ya meno ikawa kitu cha kuagiza kwa ndugu aliyeko Dar es Salaam. Waliokwisha kuzoea mswaki wa dukani hawakuuacha. Juu yake waliweka chumvi, majivu au mkaa. Mchanganyiko huo ni mbaya kuliko kijiti, maana brashi ya nailoni hushika punje za mkaa na mchanga na kuzipitisha palepale, mara kwa mara, kwa mkono wenye nguvu za mkulima. Walionijia walikuwa na mifereji kwenye shingo za meno, mirefu zaidi upande wa kushoto kwa wanaotumia mkono wa kulia.

La pili lilitokea Dar es Salaam, chuo kikuu. Katikati ya miaka hiyohiyo daktari wa meno Mholanzi, Jo Frencken, alianza na wenzake kuziba meno bila mashine: vifaa vya mkono vya kukwangua uozo, kisha simenti inayojishika yenyewe kwenye jino. Njia hiyo leo inajulikana duniani kwa herufi ART, na Shirika la Afya Duniani liliitangaza tarehe 7 Aprili 1994. Nasema kwa fahari kwamba imetoka kwetu, kwenye hali yetu ya kukosa umeme.

Mgonjwa alilala juu ya meza au benchi la shule. Nilitoa uozo kwa kijiko kidogo, nikafuta tundu kwa pamba yenye maji. Nikachanganya unga wa kioo na tindikali yake mpaka ukang'aa, nikajaza, nikaipaka mafuta mgando ncha ya kidole chenye glavu na kukandamiza. Mafuta yale yalizuia simenti isishike kidole, wala isipate mate mapema. Nikamwambia asile kwa saa moja. Simenti hiyo, glasi ayonoma, ilibuniwa Uingereza na Alan Wilson na Brian Kent, na inatoa floraidi kidogokidogo.

Ila haina ugumu wa jino. Brashi ikipita, gundi iliyoshikanisha punje za kioo hulika kwanza. Punje hubaki zimechomoza, kisha zinang'oka na kuacha mashimo. Kompositi, kijazo cha plastiki chenye rangi ya jino, hulika kwa namna hiyohiyo, ila polepole zaidi, na dalili yake ya kwanza ni kupoteza mng'ao. Amalgamu, kijazo cha madini yaliyochanganywa na zebaki, huvumilia brashi vizuri. Mwaka 1997 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walieleza kwamba uso ukishazidi mikromita 0.2 za ukwaru, utando wa vijidudu huanza kushika kwa urahisi. Kwa hiyo mtu anayesugua kwa nguvu ili awe msafi anaweza kuwatengenezea vijidudu makazi.

Mwalimu mmoja alirudi kwangu simenti yake imebonyea chini ya ukingo wa jino, na ncha ya kifaa changu ilikwaruza juu yake.

"Shikamoo, mwalimu. Unapigia mswaki nini?"

"Marahaba, daktari. Mkaa, asubuhi na jioni, kama ulivyosema nisafishe."

Alitii maneno yangu yote. Tangu hapo nilimuuliza kila mgonjwa, kabla ya kuchanganya unga, anasugua kwa kitu gani na anakipata wapi. Wengine walitwanga mkaa chini, pembeni mwa kinu, na mchanga wa uani ukaingia humo.

Swali hilo lina uzito zaidi sasa. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania imeuridhia, ulitaka matumizi ya amalgamu yapunguzwe kwa sababu ya zebaki yake, na kwenye vituo vidogo vya Newala na Masasi kitakachoshika nafasi yake, kwa bei na kwa ukosefu wa umeme, ni simenti ileile inayolika. Wakati huohuo madukani zimerudi tyubu nyeusi za dawa ya mkaa, zikiahidi meno meupe, na wanaozinunua ni vijana ambao meno yao yamezibwa juzi tu.