Wakimbizi wa Norwich na saa za Uingereza: karatasi ndogo zilizookoa jina la familia

Mtu akikuambia kwamba mkimbizi anakuja tu kula na hana cha kuleta, umwambie habari ya saa za Uingereza. Saa za Kiingereza zilisifiwa dunia nzima, lakini ukifuata ukoo wa mafundi wa kwanza waliozitengeneza, mara nyingi unakuta watu waliotoka ng'ambo, na wengi wao walitoka wakikimbia.

Tuanze mbali. Mwaka wa 1368 mfalme Edward wa Tatu alitoa barua ya ulinzi kwa mafundi 3 wa saa kutoka mji wa Delft, Uholanzi, ili waje kufanya kazi Uingereza bila kusumbuliwa. Karibu miaka 200 baadaye vita ya dini ilipamba moto upande wa Flandre, ambayo leo ni sehemu ya Ubelgiji. Sisi Wakongomani tunaujua Ubelgiji kama nchi iliyotutawala. Wakati ule ilikuwa zamu ya watu wa kwao kukimbia. Waprotestanti waliteswa na utawala wa Hispania, nao wakavuka bahari.

Wengi walifika Norwich, mji wa mashariki mwa Uingereza. Mwaka wa 1565 mji huo, ambao kazi yake ya vitambaa ilikuwa imedidimia, uliomba familia 30 za mafundi wa kufuma: 24 za wasema Kiflama na 6 za Wawaloni, wasema Kifaransa. Haikupita miaka 15 wageni wakawa karibu theluthi ya watu wa mji. Si wote waliofurahi. Mwaka wa 1570 watu fulani walipanga njama ya kuwafukuza. Njama ikagunduliwa na viongozi wake wakanyongwa. Wageni wakabaki. Inasemwa kwamba ndio walioleta ndege wadogo wa manjano wanaoimba, na hadi leo timu ya mpira ya Norwich inaitwa kwa jina la ndege hao.

Katika jamii hiyo ya wakimbizi alizaliwa, mwaka wa 1607, mtoto aliyeitwa Ahasuerus Fromanteel. Msomaji wa Biblia ataitambua asili ya jina: ni Ahasuero, mfalme wa kitabu cha Esta. Kijana alijifunza kazi ya saa palepale Norwich kwa Jacques van Barton, naye mtu wa jina la kigeni. Karibu mwaka wa 1630 akahamia London.

Huko hali haikuwa nyepesi. Tangu mwaka wa 1622 mafundi wa saa wa London walikuwa wamemwandikia mfalme wakilalamika kwamba wageni wanawanyang'anya kazi. Mwaka wa 1631 mfalme Charles wa Kwanza aliwapa ruhusa ya kuunda chama chao, chenye mamlaka juu ya kazi yote ya saa katika mji na kandokando yake. Fromanteel aliingia mwaka uliofuata. Baadaye aligombana mara nyingi na wakubwa wa chama.

Jambo lililompa jina lilitoka tena ng'ambo. Mwishoni mwa mwaka wa 1656, Mholanzi Christiaan Huygens alibuni saa inayoongozwa na penduli, yaani uzito unaoning'inia na kuyumba huku na huku kwa kipimo kimoja. Saa za zamani ziliweza kupotea robo saa kwa siku. Zile mpya zilipotea sekunde chache tu. Fundi aliyezitengeneza mjini The Hague aliitwa Salomon Coster. Tarehe 3 Septemba 1657, Johannes, mtoto wa Fromanteel, alitia sahihi mkataba mbele ya notari ili afanye kazi kwa Coster. Lugha ya mababu haikuwa imepotea nyumbani, na njia ya kurudi ng'ambo ilikuwa inajulikana. Oktoba 1658 baba yake alitangaza katika gazeti la London saa za namna mpya, nyingine zikienda juma, mwezi au hata mwaka bila kutiwa ufunguo tena. Hivyo saa za penduli ziliingia Uingereza kwa mkono wa familia ya wakimbizi.

Sasa tuulize: haya yote yamejulikanaje, wakati wenyewe walikufa zaidi ya miaka 300 iliyopita? Yamejulikana kwa karatasi ndogo. Tangu mwaka wa 1538 kila parokia ya Uingereza iliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na mazishi. Makanisa ya wageni nayo yaliandika watu wao. Kijana akiingizwa kazini, kwa kawaida kwa miaka 7, chama kiliandika jina lake, jina la baba, kijiji na kazi ya baba. Kuna wasia, kuna mikataba, na kuna jina lililochorwa kwenye uso wa saa yenyewe, pamoja na mji.

Lakini anayetafuta anahitaji subira. Jina Fromanteel liliandikwa kwa namna nyingi, kila karani akifuata sikio lake. Tena baba na mtoto waliitwa Ahasuerus wote wawili. Anayesoma jina moja tu kwenye saa anaweza kumpa baba kazi ya mtoto. Ndiyo maana ni lazima kulinganisha tarehe, mtaa na majina ya wakwe. Kwa mfano Mary, binti wa Fromanteel, aliolewa na fundi mwingine wa saa, Thomas Loomes, na ndoa hiyo inaeleza kwa nini nyumba mbili ziliuza saa zilezile.

Hata fundi mashuhuri kuliko wote, Thomas Tompion, aliyezikwa Westminster Abbey mwaka wa 1713 katika kanisa la wafalme, asili yake inajulikana kwa mstari mmoja wa kitabu cha ubatizo wa mwaka wa 1639, katika parokia ya kijijini. Baba yake alikuwa mhunzi.

Kwenu familia mlioacha nyumba na kila kitu, jambo hili linatuhusu. Sheria ya nchi yetu inawapa wazazi siku 90 kutangaza mtoto aliyezaliwa. Msiache zipite, hata mkiwa ugenini. Na pale ambapo hakuna ofisi karibu, daftari la shule linatosha kuanza. Andikeni jina la mtoto, la baba na mama, la babu na bibi, kijiji mlichotoka, tarehe, kazi ya kila mmoja na nani aliyemfundisha. Andikeni nakala mbili, moja ikae kwa ndugu mwingine, kwa sababu moto na mvua havichagui. Mwulizeni mzee leo, angali anakumbuka. Karani wa Norwich hakujua kwamba mtoto yule atabadilisha saa za nchi nzima. Aliandika tu jina lake.