Safu ya lugha: Bandika

Mpishi hubandika sufuria jikoni, mwenye duka hubandika tangazo ukutani. Kompyuta nayo imekichukua kitenzi hicho: ukishakata au kunakili maandishi, unayabandika unakotaka. Amri hizi zilipata sura tunayoijua leo katika miaka ya 1970 huko Marekani, kwenye maabara ya Xerox PARC, pale Larry Tesler na Tim Mott walipounda programu ya Gypsy.

Ukinakili jumla ya mauzo kwenye dirisha la Excel, nakala huwekwa kwenye ubao wa kunakilia, sehemu ya kumbukumbu ambayo programu nyingine huifikia pia. Dirisha la Word huichukua hapo. Unaweza kuibandika mara kumi na bado ipo. Ila ukinakili kitu kingine, kwa kawaida cha kwanza hufutika.

Kinyume cha bandika, yaani bandua, hakikuhamia kwenye kompyuta. Ukikosea huko, unatendua. Wapo wanaosema “kukopi na kupesti”. Mtaani sawa, lakini kwenye maandishi rasmi andika nakili na bandika. Maneno tunayo, tuyatumie.